Kidonda Kilichotafutiwa Dhambi

Kama una kidonda mguuni na kimekataa kupona, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Kama uko mezani, maliza kula kwanza. Nimewasikia watu wakisimulia magonjwa yao kana kwamba walilala tu wakiimba, wakaamka wazima na uso unang'aa. Mimi nilinuka. Nilinuka masika na kiangazi na masika tena, na hakuna wimbo uliofunika harufu ile, ingawa wengi walijaribu.

Lazima ujue kwanza kwamba mimi ni mtu wa kinyaa tangu utoto. Marehemu mama yangu alikuwa akinicheka kwa kuosha kikombe kilichokwisha kuoshwa. Sikunywa kwa kata ya mtu, sikulalia mkeka wa mtu, na inzi akitua juu ya ugali wangu, ugali ule ulikuwa mali ya kuku. Kwa sababu ya tabia hiyo, kanisani kwetu hapa Goma walinipa kazi ya kufua kitambaa cheupe cha Meza ya Bwana. Wengine walihubiri na wengine waliimba. Mimi nilifua. Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, nilishuka ziwani na kitambaa kile na sabuni, nikakianika juu ya mawe, nikakipiga pasi ya makaa hadi kikanyooka kabisa. Nikipiga pasi niliomba, kwa maneno mafupi aliyonifundisha mama. Sikuwa na dini nyingine kubwa kuliko hiyo, na sikuona haya.

Siku moja nikitoka ziwani na ndoo kichwani, niliteleza. Anayeijua Goma anajua mawe yetu meusi yaliyotapikwa na mlima, yanavyokata kama chupa iliyovunjika. Jiwe lilinichuna juu kidogo ya kifundo cha mguu. Kijeraha chenyewe kilikuwa kama punje ya haragwe. Nilikifunga kitambaa, nikaenda kupika, nikasahau.

Kisha ukaja wakati wa majani. Kila aliyepita nyumbani alikuwa na dawa yake. Mmoja aliweka majani yaliyotafunwa, na aliyatafuna yeye mwenyewe, kwa meno yake yale, huku mimi nikimtazama. Mwingine aliweka majivu. Shangazi wa mume wangu, aliyekuja kutoka Masisi, aliweka kinyesi cha ng'ombe kikiwa bado cha moto, akanihakikishia kwamba kwao wanapona hivyo. Nami nilikubali, kwa kuwa ni mkubwa wangu na alitoka mbali. Mpaka leo nikikumbuka, mwili unanisisimka. Mvua zilipoanza, kile kijeraha kilikuwa kimefika upana wa kiganja, kingo zake zimevimba, ndani yake rangi ya maji ya vyombo. Asubuhi moja nilifungua kitambaa nikaona kitu kinatembea. Walikuwa funza, weupe, wanene, na walikuwa wanakula kwangu bila haraka. Nilitapika juu ya mguu wenyewe.

Mume wangu Zakaria ni fundi wa mbao, mtu mpole wa maneno machache. Siku hiyo alinipandisha nyuma ya baiskeli yake, akaisukuma kutoka mtaa wetu wa Birere mpaka dispensari.

Kwenye dispensari ile kulikuwa na benchi la wenye kukohoa, benchi la mama wenye watoto, na mbali kabisa, chini ya ukingo wa paa, benchi la vidonda. Huko ndiko nilikohamia. Tulikaa tumebanana, miguu yetu imenyooshwa mbele, na inzi walitembea kutoka mguu huu kwenda mguu ule bila ubaguzi. Niliwachukia wale wenzangu. Ninasema kweli. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye usaha wake ulidondoka karibu na kiatu changu, na nilimtazama kwa chuki kana kwamba wangu ulikuwa maziwa. Asubuhi nzima tulingoja. Anfirmye, yaani muuguzi wa dispensari, alipofika kwako, hakulainisha bendeji kwa maji, aliivuta mara moja, ikatoka na nyama.

"Lia tu, mama," alisema. "Kulia haikatazwe. Kukimbia njo inakatazwa."

Ulikuwa wakati wa maji ya zambarau. Aliosha kidonda kwa maji yale, akamwaga unga mweupe, akafunga. Bendeji ilikuwa yangu, kwa hiyo niliirudisha nyumbani niifue na kuichemsha. Sikia hili, wewe unayesoma: ichemshe. Usiifue kwa maji baridi ukidhani umemaliza. Mimi niliyefua kitambaa cha Bwana sasa nilifua vitambaa vya usaha katika sufuria moja kuukuu, nikageuza uso pembeni, na mvuke ulinifuata popote nilipougeuzia.

Nyumbani mambo yalibadilika polepole. Zakaria alihamisha mkeka wake kwenda kwenye karakana, akasema ndani kuna viroboto. Hakukuwa na kiroboto hata mmoja katika nyumba yangu. Binti yetu Ana, aliyekuwa ameng'oka meno ya utoto ya mbele, aliniletea chakula, akakiweka mlangoni, akakimbia. Nilimsikia huko nje akivuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Alikuwa anazuia pumzi tangu jikoni mpaka kwangu. Kati ya yote niliyopitia, ile sauti ya mtoto wangu kuvuta pumzi ndiyo iliyonichoma kuliko zote.

Aliyeingia bila shida alikuwa jirani yetu mmoja, Mkatoliki, mke wa mfanyabiashara kutoka Butembo. Aliketi kando yangu, akanimenyea viazi, akazungumza habari za kuku wake. Nilimsifu moyoni kama mtakatifu. Baadaye alinieleza kwamba hasikii harufu yoyote tangu alipougua surua utotoni. Nilicheka mpaka mguu ukaniuma. Nilimshukuru Mungu kwa surua ile, na sijui kama ni halali kushukuru hivyo.

Niliendelea kwenda kanisani. Wanawake waliketi mbali nami, mara safu moja, mara mbili, mpaka Muzee Filemoni, kiongozi wetu, akaniita pembeni.

"Mama Ana," alisema, "ukikaa inje, karibu ya dirisha, utasikia muzuri tu. Na upepo iko inapita."

Upepo ulipita kweli, ukanipeleka mimi mbali na wao. Na kitambaa cha Meza walikichukua, wakampa Mama Debora, kiongozi wa kikundi cha waliookoka. Siku ya Meza nilichungulia kutoka dirishani kwangu. Kitambaa kilikuwa na doa la masizi pembeni, na katikati kilikuwa na mkunjo. Niliona mkunjo ule kuliko nilivyosikia mahubiri.

Hicho kikundi cha waliookoka kilikuwa kimeshika moto miaka ile, kwetu na ng'ambo ya mpaka. Walisimama mbele ya watu wakataja dhambi zao moja moja: aliyeiba ndizi, aliyempiga mkewe, aliyeficha pombe. Sisemi vibaya juu ya kutubu. Niliona watu wakirudisha mbuzi za wenyewe, na hilo ni jema. Lakini walianza kuamini kwamba mwili usiopona ni mwili unaoficha. Kidonda changu kiliwatia hamu.

Walikuja nyumbani alasiri moja, watu kama saba, Muzee Filemoni na Mama Debora wakiwa mbele. Mama Debora alikuwa ameshika majani ya mikaratusi yaliyopondwa ndani ya leso, na kila alipomaliza sentensi aliyanusa.

"Dada Mama Ana," alisema, "tumeomba juu yako miezi mingi. Mungu anasikia sisi bote. Sasa wewe, kuko nini unaficha?"

"Sifiche kitu," nilimjibu. "Kidonda njo hii. Munaisikia na mapua."

"Hapana kidonda. Zambi."

"Niko na zambi, mama. Niko na kasirani, niko na zarau. Nazisema kwa Mungu kila asubui. Lakini hakuna moja yenye ilinikata muguu. Ilinikata ni jiwe."

Muzee Filemoni alitikisa kichwa kwa huruma. Ni huruma ile iliyonichefua kuliko usaha. "Mutoto wangu," alisema, "taja hata moja kubwa. Moja tu. Utaona namna kidonda itafunga."

Walikuwa wananiomba nitunge, hilo lilikuwa wazi. Na ningeweza kutunga, maana nilikuwa nimesikia za kutosha. Ningesema niliiba, ningelia kidogo, wangeimba, na Jumapili ningeingia ndani. Lakini Mungu ndiye aliyekuwa amebaki wa kuongea naye bila yeye kushika pua, na nisingeanza kumdanganya yeye. Nikawaambia sina. Basi wakanitenga na Meza ya Bwana mpaka nitakapotubu, wakaimba ubeti mmoja wa haraka, wakatoka.

Kama unataka kujua imani ilinisaidiaje wakati ule, sitakudanganya. Sikuona nuru wala kusikia sauti. Kila asubuhi, kabla ya kufungua bendeji, nilisema, "Bwana, leo pia nanuka. Nipo." Kisha nikafungua, nikaosha, nikafunga, nikachemsha, nikafagia. Siku nyingine nilisema kwa hasira. Lakini nilisema kila siku, jinsi nilivyokuwa nikikipiga pasi kitambaa, niwe nataka au sitaki.

Kiangazi kilipokolea, mavumbi yakaingia kila mahali, ukaja wakati wa sindano. Anfirmye alinidunga kila alfajiri, matako yangu yakawa magumu kama mbao za Zakaria. Usaha ulipungua, lakini shimo halikufunga. Siku moja alibonyeza pembeni ya kidonda, akamwita Zakaria.

"Papa, peleka bibi yako kule hospitali ya misheni. Hii ikifika mu mufupa, batakata muguu. Na kama banachelewa kukata, anaenda yeye mwenyewe."

Tulipanda lori la kahawa siku mbili baadaye. Zakaria alinilaza juu ya magunia, akaketi upande upepo unakotoka ili anikinge vumbi, na safari nzima hakuziba pua. Alinifikisha, akarudi kwa Ana na kwa kazi yake.

Hospitalini nilikaa mpaka mvua zikarudi. Huko ukawa wakati wa ngozi. Dokta alikwangua kidonda mpaka kikawa chekundu kama nyama ya buchani, akangoja, kisha akachukua vipande vya ngozi kwenye paja langu, vidogo kama mbegu za maboga, akavipanda juu ya shimo kimoja kimoja. Nilikatazwa kusogeza mguu. Nilijisaidia pale pale nilipolala, mbele ya watu, mimi huyu wa kuosha kikombe mara mbili. Paja lilivuja, bendeji ilishikamana na shuka, na harufu ikawa nyingine, tamu, mbaya zaidi. Vipande vingine vilioza vikadondoka. Vingine vilishika. Asubuhi moja mfanyakazi wa zamu alifungua, akanionyesha: vile vilivyoshika vilikuwa vimeanza kunyoosheana mikono. Nikalia. Jioni ile nililamba sahani ya maharagwe.

Nilirudi Goma kwa miguu yangu miwili, nikichechemea, na fimbo. Nilikuta watu wengi nje ya nyumba, wakiimba. Mama Debora alinikumbatia, bila leso safari hii.

"Mungu amekusamehe ile dawa ya mama yako," aliniambia sikioni.

Nilidhani amenichanganya na mtu mwingine. Lakini nilipoingia jikoni niliona jiwe langu la kusagia limegeuzwa, kichwa kimekaa upande wa mlango, na chini yake udongo ulikuwa umefukuliwa na kurudishwa. Nilingoja wageni waondoke. Kisha nikamuuliza Zakaria.

Alieleza akiwa amesimama, ameshika kofia. Mimi nikiwa hospitalini, alikuwa amesimama kanisani na kutubu kwa niaba yangu. Aliwaambia kwamba mama yangu aliniachia dawa ya kichawi, nikaifukia chini ya jiwe la kusagia, na kwamba yeye ameitoa na kuitupa ziwani. Wazee walikuja, wakalinyanyua jiwe, wakaliombea shimo tupu.

"Nilizania utakufa," alisema. "Muzee Filemoni alisema batakuzika bila wimbo, sawa mutu mwenye hakujua Mungu. Sikuweza kuikubali."

"Na mama yangu? Alikukosea nini?"

"Alikuwa amekwisha kufa. Nilizania yeye haitamuuma."

Mama yangu ndiye aliyemfundisha Zakaria kusali, alipokuja kunichumbia akiwa hajui hata lini afumbe macho. Hakuwahi kushika hirizi maishani mwake. Sasa Birere nzima ilimjua kama mchawi, na ukombozi wangu ulisimama juu ya mgongo wake. Nilimtazama mume wangu, niliona upendo wake wote, na ulinichefua kama zile bendeji. Usiku ule yeye ndiye aliyerudisha mkeka wake ndani, na mimi ndiye niliyelala nimeupa ukuta uso.

Kesho yake Muzee Filemoni aliniletea kitambaa cha Meza. Ile kazi ilikuwa yangu tena, alisema, na Jumapili nitoe ushuhuda jinsi toba ilivyonifunga kidonda. Nilikichukua kitambaa. Sikatai kwamba nilifurahi. Nilikifua mara tatu mpaka masizi ya Mama Debora yakatoka, na nilipokuwa nikikipiga pasi nilifikiri: nikae kimya. Zakaria ni mtu mwema. Mama yuko kwa Mungu, Mungu anaujua ukweli. Kwa nini nimwaibishe mume wangu mbele ya watu?

Jumapili nilifika mapema, nikaenda kuona dirisha langu la nje. Palikuwa na mtu. Binti mmoja aliyeolewa karibuni, jina lake Furaha, alikuwa amekaa pale pale nilipokaa mimi, mguu umefungwa kanga kuukuu. Harufu ilinifikia kabla sijamsalimu.

"Uko unaenda kwa anfirmye?" nilimuuliza.

"Niliacha, mama. Balisema dawa haina kazi kama zambi iko ndani. Niko natafuta zambi yangu kwanza, sawa wewe."

Sawa wewe, yaani kama mimi. Niliingia ndani, nikaketi. Walipoliita jina langu nilisimama, nikashika ubao wa benchi.

"Bandugu," nilisema, "mimi sikutubu kitu. Mama yangu hakukuwa na dawa, hata siku moja. Bwana yangu Zakaria aliongopa juu alikuwa na woga nitakufa. Kupona yangu, ni Mungu aliniponyesha. Alitumia sindano, na sabuni, na ngozi ya paja yangu. Furaha, wewe uko pale inje, kesho urudie kwa anfirmye."

Hakuna aliyefoka. Mama Debora alianzisha wimbo, wote wakaudaka, nami nikaelewa kwamba wimbo ule nao ulikuwa majani ya mikaratusi. Waliunusa mpaka mwisho wa beti zote.

Baada ya ibada Muzee Filemoni alitutenga na Meza wote wawili, Zakaria kwa uongo, mimi kwa kiburi. Nilikuwa ninajua atakachosema baada ya hapo, kwa hiyo sikungoja. Nilikikunja kitambaa vizuri, nikampa. Hakikuwa na mkunjo wala doa.

Zakaria alitangulia njiani, nikaona mgongo wake tu. Sikujua kama ninaye mume bado. Tulipofika kwenye mawe alipunguza mwendo, kwa sababu ya mguu wangu, lakini hakugeuka. Nyumbani aliingia jikoni moja kwa moja. Alishika jiwe la kusagia kwa mikono miwili, akaligeuza, akalirudisha jinsi lilivyokaa siku zote.

"Muzee Filemoni hatatuzika na wimbo," alisema.

"Nitakuimbia mimi," nilimjibu. "Kama unatangulia."

Siku iliyofuata, jua likiwa limeanza kuchoma, Furaha alikuja kwetu akiegemea fimbo. Anfirmye alikuwa amemwosha na kumwambia kidonda kioshwe nyumbani asubuhi na jioni, na kwao hakuna aliyeweza kukikaribia. Mumewe alikuwa amemrudisha kwa wazazi.

Utadhani mtu aliyekaa ndani ya harufu ile muda wote huo hawezi kuiona mbaya kwa mwingine. Si kweli. Nilipofungua kanga yake niliuona ule wekundu na ule weupe, na wale wadudu, niliwafahamu kama jamaa. Nilikimbia nyuma ya nyumba nikatapika mpaka nyongo. Nilisimama pale nimeshika ukuta. Nikasema sala yangu ya zamani, nikaigeuza kidogo: Bwana, leo ananuka yeye. Nipo.

Niliporudi, Zakaria alikuwa amekwisha kuweka maji motoni. Alileta beseni na sabuni, akapiga magoti, akashika kisigino cha yule binti kwa mikono yake ya ufundi, uso ameugeuzia mlangoni. Ana alisimama pale mlangoni na kitambaa safi. Mashavu yake yalikuwa yamejaa pumzi, lakini safari hii hakukimbia.

Furaha alikuwa analia, na hakulilia maumivu.

"Mama, nimetafuta yote tangu utoto. Sipate yenye kutosha. Unisaidie. Nitubu gani?"

"Leta muguu," nikamwambia.